Mtambo wa Mwaka 1898

Kuandika riwaya ni kazi ya kuchagua. Riwaya yangu imekwama miezi miwili sasa. Fundi wangu, mkazi wa Njombe miaka ya 1940, anataka kumjengea mwindaji bunduki ya kuwaua simba wala watu. Aijenge juu ya mtambo gani?

Simba hao si wa kubuni. Waliwatesa watu wa Ubena mpaka mwaka 1947, Bwana Nyama George Rushby na askari wake walipowamaliza. Bibi yangu alikuwa mtoto. Anasema jua likielemea tu, milango inafungwa, na aliyebaki nje anahesabiwa marehemu. Basi siwezi kuandika hivihivi tu "akafyatua bunduki". Bibi atasomewa haya!

Mtambo ndio moyo wa bunduki: kile chuma unachokivuta nyuma na kukisukuma mbele kama komeo la mlango. Ule wa Kiingereza, Lee-Enfield, ni mwepesi na bunduki yake hubeba risasi kumi. Lakini meno yake ya kufungia yako nyuma, hivyo haufai sana kwa risasi zenye nguvu mno. Mauser ya 1871 hupakiwa risasi moja moja, na simba hakungoji upakie ya pili. Mauser ya 1898 ina meno mawili mbele, la tatu nyuma kama akiba, na ukucha mpana unaoishika risasi tangu inapopanda hadi ganda linapotupwa nje. Hata mkono ukitetemeka, haiponyoki. Huko London, akina John Rigby walijenga bunduki za kuwindia tembo juu ya mtambo huo.

Kwa ufundi, jibu liko wazi. Ila huo mwaka! Wajerumani waliipokea bunduki hiyo 1898, mwaka uleule Mkwawa alipojipiga risasi ili wasimkamate hai. Fuvu lake lilirudi Kalenga mwaka 1954. Mama yangu ni Mbena, baba Mhehe. Nimpe shujaa wangu chuma cha watu hao?

Baba alicheka. "Mwanangu, kule Lugalo mwaka 1891 wazee waliziteka bunduki za Zelewski. Unadhani walizitupa?"

Nimechagua Mauser. Ila fundi wangu hataipenda. Kila akiipaka mafuta, atanyamaza, na mkewe atajua asimsemeshe.