Nyumba za Chuma Katika Mtaa wa SoHo

Mgeni apitaye mara ya kwanza katika mtaa wa SoHo, upande wa kusini wa kisiwa cha Manhattan mjini New York, huona majumba marefu yenye nguzo na matao, naye hudhani ya kuwa ni kazi ya waashi waliochonga mawe kwa subira nyingi. Sivyo hata kidogo. Nguzo zile ni chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu za mchanga. Kisha vipande vililetwa mahali pa ujenzi, vikafungwa kwa bolti na kupakwa rangi ili vifanane na mawe.

Wenye maduka na mabohari wa karne ya 19 walikipenda chuma hicho kwa ajili ya faida. Kiolezo kimoja cha mbao kiliweza kutoa nguzo nyingi za namna moja, na gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ujira wa mchonga mawe. Tena nguzo nyembamba iliacha nafasi ya dirisha pana, mwanga ukafika ndani. Duka la Haughwout, lenye ghorofa tano, lilijengwa mwaka 1857 katika pembe ya njia za Broadway na Broome, likauza vyombo vya kaure na vya kioo. Humo ndimo alimotia Elisha Otis lifti yake ya kwanza ya abiria. Wajenzi walijisifu ati nyumba hizo haziungui. Lakini nyuma ya chuma sakafu zilikuwa za mbao, na katika moto mkali chuma chenyewe huweza kupasuka.

Baadaye biashara kubwa zikahamia kaskazini, mtaa ukachakaa. Robert Moses, aliyekuwa na nguvu nyingi katika ujenzi wa mji huo, alikusudia kupitisha hapo barabara kuu ya magari, ambayo ingaliliangusha hata duka la Haughwout. Wenyeji walipinga kwa miaka mingi, na mwaka 1969 shauri hilo likafutwa. Bibi Margot Gayle, aliyeanzisha chama cha marafiki wa majengo hayo mwaka 1970, aliwagawia watu sumaku ndogo ili wazijaribu kuta wenyewe: sumaku ikinata, ni chuma. Mwaka 1973 mtaa huo, wenye majengo kama 500, ukawekwa chini ya ulinzi wa sheria.

Wako na wengine waliojua thamani ya chuma pasipo kupewa sumaku. Kusini ya SoHo, jengo moja la mwaka 1849, kazi ya James Bogardus, lilikuwa limefunguliwa kipande kwa kipande, na vipande vikawekwa kiwanjani vingoje kusimamishwa mahali pengine. Mwaka 1974 wezi walivichukua vingi, wakaviuza kuwa chuma chakavu.