Gari la Marehemu Mwalimu Wetu na Taabu ya Vipuri

Si desturi ya kurasa hizi kuzungumza habari za magari. Mmezoea kukutana humu na ngeli, methali na mashairi, wala hatukusudii kuwapotezea muda wenu. Lakini wenzetu kadhaa wametuomba tueleze jinsi sisi, walimu wanne wa Kiswahili wa hapa Kampala, tulivyolifufua gari la marehemu mwalimu wetu, na hasa jinsi tulivyopata, na mara nyingine tulivyokosa, watu wa kutuuzia vipuri. Tumekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba tumejifunza mengi. Ya pili ni kwamba kosa letu moja nusura liue mtu, na kosa la namna hiyo halifai kufichwa.

Gari lenyewe ni Volkswagen, lile la mgongo wa kobe, lenye injini ya 1300 iliyokaa nyuma na kupozwa kwa upepo, bila rejeta. Ndilo gari la aina iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962, na kwa miaka mingi baadaye watumishi wengi wa mshahara wa kadiri walilipenda kwa kuwa halikuwa na makuu. Mwalimu alilinunua kwa mtu mwaka 1969. Ndani yake tulipakiwa tulipokuwa wanafunzi, tukabanana pamoja na mafurushi ya madaftari ya kusahihishwa. Lilisimama mwaka 1998, na mwenyewe akafariki mwaka 2016. Mjane wake, ambaye sote twamwita Mama, hakuliuza.

Mwaka 2021 Mama alituita nyumbani, akatuonyesha gari limelala chini ya mwembe, magurudumu yamezama udongoni. Akasema, "Wanangu, nataka gari hili linipeleke kaburini kwa Mzee kabla miguu yangu haijakataa. Mkishindwa niambieni mapema, niwape wanunuzi wa chuma chakavu." Nani angeweza kumjibu kuwa hawezi?

Twakiri kwamba hapo mwanzo tuliidhania kazi hii kuwa nyepesi. Tulijua kwamba magari ya aina hii yaliyoundwa duniani yalipita milioni 21. Kwamba Ujerumani iliendelea kuyaunda hadi mwaka 1978, na Meksiko hadi tarehe 30 Julai 2003. Tukasema, kitu kilichoundwa kwa wingi namna hiyo hakiwezi kukosa vipuri. Na kweli havikosekani. Taabu ya gari la kale la aina hii si uhaba wa vipuri, bali ni wingi wa wauzaji usio na uhakika. Kwa kila kipuri kimoja wako watu kumi walio tayari kukuuzia, na kati ya kumi hao pengine wawili tu ndio wajuao wanachokiuza.

Kosa letu la kwanza lilitoka kwetu wenyewe. Kadi ya gari iliandikwa kuwa ni la mwaka 1965. Basi tukaagiza kingi pini za magurudumu ya mbele kwa mwaka huo, tukalipa, tukangoja miezi miwili. Zilipofika, fundi alizitazama, akalitazama gari, akacheka. Mbele ya gari letu hamna kingi pini. Mna boli jointi. Kumbe kiwanda kile kilikuwa kikianza mwaka wake wa kazi mwezi wa Agosti, na mabadiliko makubwa yalifanywa Agosti 1965. Gari lililotoka Julai na gari lililotoka Septemba ya mwaka huo huo yalikuwa ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali. Mwandishi wa kadi aliandika mwaka wa kalenda, lakini vipuri hufuata mwaka wa kiwanda.

Fundi akatufundisha kusoma. Aliinua kiti cha nyuma, akasugua kutu kwa brashi ya waya, akatuonyesha namba iliyopigwa kwenye chuma cha katikati ya sakafu. Kwa magari ya tangu Agosti 1964, tarakimu mbili za kwanza hutaja aina ya gari, na ya tatu hutaja mwaka wa kiwanda. Yetu ilikuwa 6, maana yake mwaka wa kiwanda wa 1966. Tangu siku hiyo hatukumtajia mwuzaji yeyote mwaka wa kadi.

Kisha tukagundua jambo lililotufurahisha sisi walimu wa lugha. Namba ya kipuri cha Volkswagen ina sarufi yake. Tarakimu tatu za kwanza huonyesha ni gari la aina gani, mithili ya kiambishi awali. Tatu za kati hutaja kundi la kipuri: zikianza kwa 1 ni injini, 3 ni gia, 4 ni ekseli ya mbele na usukani, 6 ni magurudumu na breki, 8 ni bodi, 9 ni umeme. Tatu za mwisho hutaja kifaa chenyewe, na herufi ikifuatia huonyesha kwamba kifaa kimegeuzwa umbo au ubora tangu kilipobuniwa. Ajuaye kusoma hivyo hadanganywi upesi. Mtu mmoja alitaka kutuuzia kifaa "cha usukani" ambacho kundi lake lilianza kwa 6. Tulimshukuru, tukaenda zetu.

Baada ya hapo tulijua pa kutafuta. Vitu vidogo vya kila siku, kama plagi, mikanda na nyaya, tulivipata hapa mjini, katika mitaa ya Kisekka. Vyuma vya kuchonga na kuchomelea tulivipeleka Katwe, ambako mafundi wana sifa ya kutengeneza lisilonunulika. Vitu vya ng'ambo vilikuwa na mtihani wake. Usukani wetu uko kulia, ilhali Ujerumani, Brazili na Meksiko wanaendesha kwa usukani wa kushoto, na sanduku la usukani la kushoto halifai kulia. Kwa hiyo vipuri vya upande huo tuliviulizia Uingereza na Afrika ya Kusini, ambako magari haya yaliundwa Uitenhage, mji ambao leo huitwa Kariega, toka mwaka 1951 hadi 1979. Umeme wa gari letu ni wa volti 6, na balbu zake hazipo katika kila duka. Hizo tuliziagiza mbali, tukaagiza za akiba.

Sasa tufike kwenye kosa la pili. Gari lilikuwa limekwisha kuwaka, nasi tulikuwa na haraka. Rabba za ndani ya silinda za breki zilikuwa zimebaki. Mwuzaji mmoja, ambaye hatutamtaja, alikuwa nazo tayari, kwa nusu ya bei ya wengine. Zilikuwa katika vifuko safi vya kung'aa. Lakini hazikuwa na jina la mtengenezaji, wala namba, wala tarehe. Hatukuuliza, wala yeye hakutuuliza kitu. Wahenga walisema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, na methali hiyo tumeisomesha miaka mingi. Lakini siku ile tuliiacha darasani.

Wiki tatu baadaye, mmoja wetu alikuwa akilijaribu gari karibu na nyumbani kwa Mama, naye Mama akasisitiza apakiwe. Kampala ni mji wa vilima. Walipokuwa wakiteremka, pedali ya breki ikazama hadi sakafuni. Breki za gari hili ni za njia moja, yaani gurudumu moja likivuja, yote manne hukosa breki. Mwenzetu alivuta breki ya mkono, ambayo hushika magurudumu ya nyuma kwa waya, akarudisha gia, kisha akaligonga gari makusudi kwenye ukingo wa udongo ili lisifike njia panda, ambako watoto walikuwa wakitoka shuleni. Mama aligonga paji la uso kwenye kioo, akashonwa nyuzi tatu.

Fundi alipofungua magurudumu alikuta rabba zimevimba na kulainika kama mkate uliotiwa chai, na moja imechanika ukingo. Mpira usiotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki hufanya hivyo. Hakuna jicho liwezalo kuutambua ukiwa mpya. Kinachoutambulisha ni jina la aliyeutengeneza, na heshima ya aliyekuuzia.

Tulikwenda hospitali kumwomba Mama radhi. Hakutugombeza. Alituuliza neno moja tu: "Mliponunua hizo rabba, mlimwuliza nani?" Tukanyamaza. Kesho yake alitutumia daftari.

Lilikuwa daftari la shule, la mistari, limeandikwa kwa mwandiko tuliokuwa tukiuogopa zamani. Mwalimu aliandika humo kila kipuri alichonunua tangu 1969 hadi 1998: tarehe, kifaa, aliyemwuzia, bei, na mwisho neno lake. "Kimekaa vizuri." "Amekubali kurudisha." "Usirudi kwake." Baada ya mwaka 1972, Waasia walipofukuzwa nchini na maduka mengi ya vipuri kufungwa, bei katika daftari zinapanda kurasa kwa kurasa, na mbele ya vitu kadhaa limeandikwa neno moja, "magendo", neno letu la Kiswahili ambalo miaka ile lilienea hata vinywani mwa wasiokijua Kiswahili. Na katika ukurasa wa kwanza kabisa, pamoja na namba ya chasisi, tulisoma: "Mbele ni boli jointi. Kadi imekosea."

Jamani! Tulikuwa tumeandika barua mabara mawili, na jibu lilikuwa kabatini kwa Mama. Methali isemayo mali bila daftari hupotea bila habari twaijua sote, lakini tulikuwa hatujafikiria kwamba hata daftari bila msomaji hupotea vilevile.

Katika daftari lile, jina la fundi mmoja wa Katwe lilirudiwa mara kumi na moja bila "usirudi kwake" hata mara moja. Tulikwenda kumtafuta. Yeye alikwisha fariki, lakini mwanawe anafanya kazi kwenye mashine ile ile. Alituchongea bushi na bolti kwa vipimo vya sawasawa. Tulipomwomba atutengenezee na vifaa vya breki, alifuta mikono, akasema, "Walimu, mimi nachonga chuma. Hivyo ni roho za watu. Agizeni kwa wanaovitengeneza." Akaukataa mshahara ambao wengine wangeupokea kwa mikono miwili. Hapo ndipo tulipofahamu mwuzaji mwaminifu ni nani. Wengi husifiwa kwa kuwa na kila kitu. Aaminikaye ni yule ajuaye kusema, "Hiki sina," au, "Hiki sikiwezi."

Tangu hapo tulifuata taratibu chache, nasi twazitoa kwa yeyote aliye na gari la babaye chini ya mti. Mpe mwuzaji namba ya chasisi, umsikilize: ajuaye kazi atakuuliza maswali kabla ya kutaja bei. Anza kwa kununua kitu kidogo, uone kitakavyofika. Omba picha ya alama zilizo juu ya kipuri, si ya sanduku lake. Uliza, kisipofaa, nani atalipia kukirudisha. Kuhusu vipuri vipya vilivyokaa ghalani miaka mingi, chuma kilichohifadhiwa vizuri chaweza kuwa bora kuliko cha leo, lakini mpira huzeeka hata rafuni, basi usinunue mpira wa ghalani. Tairi nazo zina tarehe: tangu mwaka 2000 tarakimu nne za ubavuni hutaja wiki na mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na kila unachonunua, kiandike, pamoja na neno la mwisho.

Silinda zote za breki na mipira yake tuliziagiza upya, zenye jina na namba, kwa mwuzaji ambaye kwanza alikataa kutuuzia mpaka tumpelekee picha ya zile za zamani. Zilitugharimu zaidi ya vipuri vya injini nzima. Hakuna aliyelalamika.

Desemba 2023 tulimpeleka Mama. Njia ya Masaka, ikivuka mstari wa ikweta pale Kayabwe, ni zaidi ya kilomita 100, nasi tulikwenda polepole huku malori yakitupita. Kila mteremko Mama alikaza mkono juu ya kiti cha mbele, naye dereva wetu alipunguza gia mapema. Kaburini alikaa peke yake kitambo kirefu. Aliporudi aliuliza daftari liko wapi, akaomba kalamu. Chini ya mstari wetu wa mwisho, penye silinda za breki, aliandika kwa mkono wake: "Zimeshika."

Daftari hilo sasa limo garini. Kurasa zilizobaki ni kumi na nne.