Siku hizi napima kabla ya kununua

Kwa miaka mingi niliamini kwamba spea huchaguliwa dukani. Unafunga kipande kibovu kwa gazeti, unamwonyesha muuzaji, anakuuliza unataka orijino au ya kawaida, mnapatana bei, unarudi gereji. Baba alifanya hivyo maisha yake yote, na ndivyo tunavyofanya wengi hapa Moshi. Nashuhudia kwamba imani hiyo imenitoka, na iliyonitoa ni injini ya Land Cruiser VX aliyotuachia marehemu baba, mojawapo ya yale magari tuliyoyaita mashangingi enzi zile yalipokuwa ya wakubwa serikalini.

Injini yenyewe ni 1HD-T ya miaka ya mwanzo ya 1990: dizeli, silinda sita, lita 4.2, ina tabo. Natafuta nayo riziki kwa kupandisha wageni na mizigo yao hadi lango la Marangu, na msimu wa ndizi inashusha mikungu hadi Himo. Mjini Moshi tuko mita 800 na ushee juu ya usawa wa bahari. Langoni ni zaidi ya mita 1,800, na mgandamizo wa hewa pale ni kama asilimia 80 tu ya ule wa Tanga. Injini inayovuta hewa yenyewe huchoka mapema kwenye mlima huo. Tabo huzungushwa na moshi wa egzosi, ikaishindilia hewa ndani ya silinda, gari likapanda kana kwamba liko chini. Lakini nguvu hiyo yote inapita juu ya pistoni, ikateremka kwenye konrodi, ikaishia kwenye beringi nyembamba zinazoteleza juu ya utando wa oili.

Beringi za konrodi ndizo zilizolia. Ilikuwa Desemba, barabara imejaa Wachaga wanaorudi nyumbani kwa Krismasi, nami napandisha kutoka Himo, nikasikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini. Nilizima pale pale.

Ushauri ulikuja kwa wingi. Wengine walisema nitafute injini ya mtumba iliyoshushwa kutoka Dubai, nifunge, nisahau. Wengine walitaka nichukue pistoni za 1HZ, kwa sababu 1HZ ndiyo injini ya magari ya utalii na spea zake zimejaa Moshi na Arusha. Hoja yao ilikuwa na uzito: injini hizi mbili ni ndugu, kipenyo cha silinda ni milimita 94 kwa zote, na pistoni hupanda na kushuka milimita 100 kwa zote. Ukiziweka mezani bila kuangalia juu, unaweza kushawishika.

Aliyenionyesha pa kuangalia ni mzee mmoja mwenye karakana ya kuchonga vyuma, aliyejifunzia kazi Kilimanjaro Machine Tools, kile kiwanda cha Hai kilichojengwa kwa ushirikiano na Bulgaria. Nilimwamkia shikamoo nikiwa na orodha ya spea mkononi. Akaitikia, akaisoma, akanirudishia. "Mwanangu, hii orodha umeiandika kabla ya kufungua bloku. Umejuaje?"

Alinieleza pistoni kwanza. Kwenye 1HZ dizeli huanza kuwaka katika chumba kidogo ndani ya hedi, na hewa hubanwa zaidi ya mara 22. Kwenye 1HD-T nozo hupulizia dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, ambayo imechimbwa bakuli la kuipokea, na hewa hubanwa chini ya mara 19 kwa sababu tabo imeshaanza kazi ya kubana. Ukiweka pistoni ya 1HZ humo, dizeli itapiga mahali pasipo na bakuli lake. Kipenyo kinalingana, lakini kazi ni tofauti.

Kisha tukapima. Silinda zote sita alizipitishia geji juu, katikati na chini, mara mbili kila mahali kwa pande zinazokatana. Zilikuwa bado ndani ya kiwango. Maana yake hapakuwa na haja ya kutoboa bloku wala kununua pistoni za ovasaizi, na kwenye orodha yangu hizo ndizo zilikuwa za bei kubwa kuliko zote. Ringi mpya zilitosha. Kranki ndiyo ilikuwa na mikwaruzo. Akaisaga robo ya milimita, akaniagiza beringi za undasaizi ya 0.25. Injini za mwanzo za aina hii zinajulikana kwa kula beringi za konrodi mapema, hivyo hapo nilinunua Taiho za Japani bila kubembeleza bei, pamoja na boliti mpya za konrodi, kwa sababu boliti iliyokwisha kuvutika haikazi kama zamani.

Beringi zilipofika hakuniruhusu nizifunge hivi hivi. Alilaza kipande cha uzi mwembamba wa plastiki wa kijani juu ya kranki kavu, akafunga kifuniko cha konrodi, akakaza kwa spana ya kipimo, akafungua tena. Uzi ulikuwa umelala bapa kama utepe. Aliweka karatasi yenye vipimo kando yake akalinganisha upana: ukibanwa sana ukawa mpana, nafasi ya oili ni ndogo, ukibaki mwembamba, nafasi ni kubwa na mgandamizo wa oili utashuka. Alifanya hivyo kwa zote sita. Boksi linaweza kuandikwa neno lolote, na maboksi ya kughushi yapo mengi sokoni, lakini ule utepe hauwezi kughushiwa.

Fedha iliyobaki kwenye pistoni ilikwenda mahali ambapo nisingepafikiria. Pampu ya oili. Kupima nozo zote kwenye mashine, maana nozo inayochuruzika kwenye injini ya tabo hutoboa pistoni. Mkanda wa taiming, ambao kwa injini hii hubadilishwa kila kilomita 100,000. Tabo yenyewe ilifunguliwa ikawekwa beringi na sili mpya, na bomba linaloipelekea oili likabadilishwa kabisa, kwa kuwa mhimili wa tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na bomba lililoziba kwa masizi huua tabo mpya kama lilivyoua ya zamani. Thamostati iliyokuwa imetolewa na kutupwa ikarudishwa. Hata mfuniko wa rejeta: kule langoni maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na mfuniko wenye springi imara ndio unaoyazuia yasichemke mapema. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote nilivyonunua, na kwa gari linaloishi mlimani nakihesabu miongoni mwa vya kwanza.

Vijana wa gereji walitaka pampu ya dizeli ifunguliwe kidogo ili gari litoe mbio. Nilikataa. Dizeli ikizidi hewa, kinachobaki ni moshi mweusi na joto, na hewa ndiyo tunayokosa huku juu.

Gari linapanda. Nikifika langoni naliacha lilie taratibu dakika mbili kabla ya kuzima, tabo ipoe na oili ikiendelea kupita.

Juzi jirani yangu wa Kilema alinijia na Prado yake ya 1KZ inayochemsha. Alisikia naenda Dar, akataka nimletee hedi kutoka Kariakoo, fedha alikuwa nayo mkononi. Nilimuuliza kama hedi yake imeshafunguliwa ikakaguliwa ufa, na kama rejeta imepimwa. Bado. Nimemwambia aniweke kando kwenye safari hiyo; Jumatatu tunaipeleka kwa mzee.