Sekenke kwa Mjerumani

Kwetu Jorodom, wilayani Hanang, kijana aliyepungukiwa ng'ombe alikuwa na pa kukimbilia pawili: vibarua kwenye mashamba ya ngano ya Basotu, au kupita Singida kwenda kuchimba dhahabu Sekenke, wilayani Iramba. Baba yangu mdogo alichagua Sekenke. Ndiye aliyenipeleka huko mwishoni mwa miaka ya themanini. Tulipanda lori la mahindi, likashuka mlima Sekenke kwa gia nzito, barabara ikiwa bado ya vumbi, abiria wakisali kwa sauti kila lilipokata kona.

Nilikuwa nimejiandaa kuona mashimo tu. Nikakuta misingi ya mawe, kuta zisizo na paa zilizonifika kifuani, na kitako cha zege chenye bolti nene kilichowahi kubeba mashine. Pembeni lilikuwapo lundo la mchanga wa kijivu, refu kuliko nyumba yoyote niliyoijua. Wachimbaji waliita pote pale "kwa Mjerumani". Baba mdogo alinizungusha, akanionyesha duara la zamani, yaani shimo la kuchimbia, ambalo hata wao hawakuthubutu kulishuka, maana matimba yake, mbao za kushikilia kuta, yalikuwa yameoza.

Baadaye nilisoma, nikaelewa nilikanyaga wapi. Wajerumani walianza kuchimba hapo mwaka 1909, kabla reli ya kati haijafika hata Tabora, ambako ilifika 1912. Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikiwa imepamba moto na Waingereza wameziba njia za baharini, koloni liliishiwa fedha. Karakana ya reli pale Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu, na dhahabu ya Sekenke ikafuliwa kuwa sarafu za rupia 15, karibu 16,000. Zina picha ya tembo, nyuma yake mlima. Septemba ya mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji wa Tabora. Leo sarafu moja huuzwa mnadani Ulaya kwa maelfu ya dola. Juu yake limeandikwa jina la koloni. Jina la Sekenke halimo.

Waingereza nao walichimba, hadi miaka ya hamsini. Zama zao ilijengwa reli kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri, kisha ikang'olewa na vyuma vyake vikapelekwa kusini kwenye mradi wao wa kilimo cha karanga. Vya thamani vya Iramba vimezoea kubebwa.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini Benki Kuu ilikuwa imeanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo, na rashi, yaani mmiminiko wa wachimbaji, ikafuata. Kila niliporudi kumsalimu baba mdogo nilikuta Sekenke imepungua. Yalianza mawe ya kuta, ambayo yalikwenda kujenga nyumba na vyoo. Nilimuuliza kwa nini wasiuache japo ukuta mmoja. Akaniambia, "Mwanangu, ukuta hauliwi." Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa fedha za huko ndizo zilizonunua sare zangu za shule.

Vikafuata vyuma. Bolti zilikatwa kwa msumeno, zikapimwa kwa kilo na wanunuzi wa chuma chakavu.

Lililoniuma zaidi ni lundo. Mitambo ya zamani ilisaga mwamba na kuacha sehemu ya dhahabu ndani ya mchanga, na kwa miaka mingi mchanga huo, uitwao marudio, ulihesabiwa kuwa takataka. Kisha ikaja sayanaidi. Mchanga hulowekwa kwenye matangi, sayanaidi ikayeyusha dhahabu, kaboni ikainasa. Lundo likawa mali. Malori yalilibeba kwenda kwenye plenti za sayanaidi, msimu baada ya msimu, mpaka nikakuta uwanja mtupu. Mtoto anayezaliwa leo Shelui, jirani na Sekenke, hawezi kujua kwamba pale palikuwa na kilima kilichojengwa kwa jasho la watu waliochimba bila mashine tulizonazo sisi.

Wachimbaji siwalaumu, na hawajavunja sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja kilichojengwa kabla ya 1863. Cha 1909 husubiri tangazo la waziri, na chuma chakavu hakisubiri. Hapo ndipo kosa lilipo: tumeweka mlango ambao historia ya migodi yetu karibu yote imebaki nje yake.

Baba mdogo alirudi Jorodom akiwa na ng'ombe wachache na kifua kibovu. Alifariki huko. Wenzake bado wapo Sekenke, na wanajua kila msingi ulipokuwa, duara gani ni la Mjerumani na lipi la Mwingereza. Halmashauri ya Iramba iwaite wazee hao sasa, ipige picha na kuchora ramani ya kilichobaki, iweke uzio kwenye duara la zamani na kitako cha mashine, kisha ipeleke ombi kwa waziri patangazwe kuwa urithi wa taifa. Nadhani gharama yake haifiki bei ya karasha moja la kusagia mawe.