Mbwa wa Laga ya Tarach



Jioni moja tulikuwa tukipunga upepo na jamaa zetu Mama Ngina, Mombasa, pale rasi inapoikabili bahari karibu na mnara wa taa. Akapita mtu na mbwa wake amemfunga kamba. Watoto wetu walitawanyika kama vifaranga walioona mwewe, na mmoja wao akainama kuokota jiwe. Mama yake hakumkataza. Nasi pia, na tukiri, hatukumkataza. Tulikunja kanzu tukakaza mwendo. Jiwe lile tulikuja kulikumbuka mbali sana na bahari, katika nchi ya Turkana.

Tulifika Lodwar kwa mwaliko wa ndugu zetu Waislamu wa huko. Mji umezungukwa na vilima vya mawe meusi, na kando ya mto Turkwel imejipanga mikoma. Wanawake wa Kiturkana husuka vikapu kwa majani yake, na mikono yao ilitukumbusha mama zetu wa Pwani wakisuka mikeka barazani. Kutoka hapo tulisafiri kiasi cha kilomita 120 kuelekea kaskazini magharibi hadi Kakuma. Huko ndiko kulikofunguliwa kambi ya wakimbizi mwaka 1992, wakati vijana wengi waliokimbia vita vya Sudan walipowasili kwa miguu. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo na wengineo. Leo adhana husikika Kakuma kila sala.

Baada ya sala ya Alasiri tulitaka kuiona laga ya Tarach. Laga ni mto wa msimu: mvua ikinyesha hufurika na kuchukua kila kitu, na mvua ikikatika hubaki mchanga mtupu. Tulifuatana na kijana wa Kiturkana aliyekuwa akirejesha mbuzi. Mkono mmoja alishika fimbo, na mwingine ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho mchana ni kiti na usiku ni mto wa kulalia. Mbele yake alitangulia mbwa mwembamba, rangi yake kama ya mchanga. Hakufungwa kamba. Mbuzi akipotelea kwenye vichaka vya mathenge, mbwa alizunguka akamtoa, kisha akarudi mahali pake kama mtu aliyemaliza kazi yake. Sisi tulitembea upande wa pili wa kundi, tukiiangalia kanzu yetu kuliko tulivyoiangalia njia.

Katikati ya laga wanawake walikuwa wamechimba visima vya mchanga, wakichota maji kikombe kwa kikombe. Mbwa alifika ukingoni mwa kimoja akaanza kulamba mchanga mbichi, ulimi ukimning'inia. Mama mmoja wa makamo akammiminia maji kidogo katika kipande cha kibuyu, bila kusema neno. Hapo tulisimama. Kisa tulichokisomesha madrasa miaka na miaka kilikuwa mbele ya macho yetu: yule msafiri aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji katika khofu yake akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Mtume wetu (S.A.W.) akawafundisha Masahaba kwamba katika kumtendea wema kila kiumbe chenye uhai mna ujira.

Mbwa alipomaliza kunywa alitujia, akaupangusa mdomo wake uliolowa kwenye pindo la kanzu yetu.

Tuliganda. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, kinachoguswa na unyevu wa mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Yule mama alituona, akauinua mtungi wake wa lita ishirini ambao bila shaka alianza kuujaza tangu mchana. "Baba, chukua uoshe nguo yako," alisema. Udongo ulikuwa umejaa pale kote. Kilichokosekana ni maji. Je, tumwage maji ya watoto wake mchangani ili pindo letu litakate?

Dini haikutubana hivyo. Tulimshukuru, tukamwombea heri, tukavua kanzu na kuvaa kikoi kilichokuwa mkobani, na Magharibi tukasali nacho. Kanzu tuliiosha kesho yake Lodwar, penye maji ya bomba, mara saba kama inavyotakiwa.

Hapa tungependa akina mama watusikilize vizuri. Najisi ni hukumu ya kuosha, si ruhusa ya kutesa. Mbwa mkavu akigusa nguo kavu, hapana najisi. Mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda wameruhusiwa. Kilichokatazwa ni kumfuga bila haja. Na Surat al-Kahf humtaja mbwa aliyelala mlangoni pa pango pamoja na wale vijana wema.

Wala tusiipuuze tahadhari. Turkana iliwahi kuhesabiwa na madaktari miongoni mwa sehemu zilizosumbuliwa zaidi duniani na ugonjwa wa haidatidi. Mbwa hula matumbo mabichi ya mbuzi na kondoo, minyoo midogo hukua ndani yake, na mayai yake hutoka na kinyesi. Yakimwingia mtu kinywani, humletea uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Katika maboma yenye uhaba wa maji, mbwa aliachiwa amlambe mtoto mchanga aliyejichafua. Tusiwacheke, mwenye bomba ndani ya nyumba hajui mtihani wa mwenye kikombe. Hatusemi kuwa hukumu iliwekwa kwa sababu ya minyoo hiyo, kwani sisi huosha kwa kuwa tumeamrishwa. Ila mikono na ioshwe, mbwa wapewe dawa na chanjo, na watoto wafunzwe kutomchezea mbwa wasiyemjua.

Tuliporudi Mombasa tulimchukua yule mtoto hadi Mama Ngina, tukamsimulia habari ya mbwa wa Tarach. Alipopita mbwa mwingine, aliishika kanzu yetu kwa nguvu. Lakini mkono wake wa pili ulikuwa mtupu.

Wabillahi tawfiq.