Mikono ya Gasorwe: picha zisizo na sura

Mwezi huu tulizunguka kambi yetu, tukashuka hadi soko la Gasorwe, kisha tukafika Gitega, tukipiga picha za mikono tu. Wengi walituuliza, kwani sura zetu ni mbaya? Hapana jamani. Kati yetu wako waliopona Gatumba, ambako usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa. Mtu aliyeuona usiku ule hapendi sura yake itembee kwenye karatasi ambayo hajui itafika wapi. Mkono unaonyesha kazi, hautaji jina.

Picha ya kwanza ni ya mama mmoja anayefyatua matofali. Alitoka Fizi akiwa na mimba ya kifungua mimba wake, na leo huyo mtoto ndiye anayemchotea maji ya udongo. Udongo wa huku ni mwekundu, ukiingia chini ya kucha hautoki hata kwa brashi. Kwa miaka mingi umemsugua vidole hadi mistari ya ngozi imefutika. Siku ya uhakiki aliweka kidole kwenye mashine mara nne, ikakataa mara nne. Akaambiwa akae pembeni. Jua likamkuta pale, likamwacha pale, na nyumbani watoto wanangoja unga. Majirani wengine wakaanza kunong'ona eti ana majina mawili. Maneno ya bure! Waashi, wakulima na wafuaji nguo wanapatwa na jambo hilo dunia nzima. Mwishowe kidole gumba cha kushoto, kisichosugua sana kalibu, kikakubaliwa. Kwenye picha amekinyoosha hicho hicho.

(Wazazi, uhakiki ukikaribia, pakeni vidole mafuta kila jioni kwa siku kadhaa, na siku yenyewe nendeni na mikono safi, mikavu. Ikikataa, ombeni vijaribiwe vidole vingine.)

Sokoni tulikuta mikono minne juu ya kikapu kimoja. Mama mwenyeji alikuwa akimfundisha mama wa kwetu kusuka agaseke, kile kikapu chenye kifuniko cha mchongoko. Walikuwa wakibishana bei ya nyasi, mmoja kwa Kirundi, mwingine kwa Kiswahili, na vidole havikusimama hata kidogo.

Gitega tulikwenda na karatasi ya ruhusa mfukoni, tukipitia Karuzi. Kilomita 7 hivi kutoka mjini kuna Gishora, kilima cha ngoma tangu enzi za Mwami Mwezi Gisabo. Ngoma huchongwa kwa gogo zima la mti uitwao umuvugangoma, yaani mti unaoifanya ngoma iseme, na ngozi ya ng'ombe hukazwa kwa vigingi. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mpigaji mmoja mzee alitufungulia viganja: fimbo zimemwotesha sugu kila kimoja, sawa kabisa na sugu za jembe. Akasema anazo zote mbili, za ngoma na za jembe, na hajui tena ipi ni ipi.

Picha zote zimebandikwa ubaoni. Anayeutambua mkono wake aje achukue nakala yake. Watoto, tafadhali msizichomoe.