Ushahidi wa Kwenye Picha



Hapa kwetu Mbuba, wilaya ya Ngara, vijana hukusanyika jioni kutazama michezo ya wapelelezi katika televisheni. Mmojawapo, uitwao CSI, ulianza kuonyeshwa Marekani mwaka 2000. Humo mtaalamu huokota unywele mmoja, huupima kwa mashine, na kabla mchezo haujaisha mwuaji amekwisha kujulikana. Nami naliipenda sana michezo hiyo, hata siku duka la jirani yangu lilipovunjwa.

Tuliposikia habari tulimiminika sote. Huyu akashika kufuli, yule akainua mlango, watoto wakakanyaga nyayo zote. Askari walipofika walisema hapana alama ya kidole iwezayo kutambulikana. Watu wakaguna, “Mbona kwenye picha huonekana?” Wengine wakanong’ona kwamba askari wamekula rushwa. Mwisho hasira ikamgeukia kijana mmoja maskini aliyepita njia ile usiku, wakataka kumpiga. Mzee mmoja akasimama mbele yake, akasema, “Mkimpiga leo, na kesho akapatikana mwizi mwingine, mtamrudishia nini huyu?” Wakanyamaza. Nami nikaona haya, maana kufuli ile hata mimi naliishika.

Ndugu zangu, elimu hii ni ya kweli, lakini si uchawi. Katika nchi yetu vinasaba hupimwa na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, tena kwa kufuata sheria ya mwaka 2009. Si kila mtu awezaye kuomba kipimo. Wala hapana maabara iwezayo kusoma alama tulizokwisha kuzifuta kwa mikono yetu.

Tena kazi yake si kukamata tu. Njia ya kumtambua mtu kwa vinasaba ilivumbuliwa na Alec Jeffreys mjini Leicester, Uingereza, mwaka 1984. Ilipotumiwa mara ya kwanza kupeleleza mauaji, kijana mmoja alikuwa amekwisha kukiri. Kipimo kikaonyesha kwamba siye, akaachiliwa. Mwuaji mwenyewe alihukumiwa mwaka 1988.

Basi likitokea jambo, tusimame mbali, tusiguse kitu, tuwaite askari. Na mikono iliyojizuia isiguse kufuli, ijizuie isimguse na mtu. Mwizi wa duka lile hajajulikana hata leo. Lakini yule kijana yu hai, na kila asubuhi hunisalimu njiani.